Benjamin Gompertz: Alifungiwa Chuo, Leo Yumo Kwenye Programu Zetu

Mwanafunzi wa takwimu, afya ya jamii, bima au demografia akifika mwaka wa mwisho, lazima akutane na jina Gompertz. Mara nyingi hakutani nalo kitabuni bali kwenye kompyuta, katika orodha ya modeli ambazo programu inampa achague: eksponenshali, Weibull, lognomali, Gompertz. Wengi wetu, tuseme ukweli, tunachagua ile aliyochagua kaka au dada wa mwaka uliopita. Desa likisema Weibull, basi ni Weibull. Matokeo yakitoka tunayabandika kwenye tasnifu na kumsubiri msimamizi.

Ni vizuri kumjua mwenye jina hilo, kwa sababu mbili. Kwanza, huyu ni mtu ambaye vyuo vikuu vya nchi yake vilimfungia mlango, na hakuwahi kuwa na shahada. Pili, kazi yake iliwahi kukaa miaka mingi bila kusomwa inavyostahili, na sababu mojawapo ilikuwa namna alivyoiandika. Tatizo hilo la maandishi bado liko nasi. Limehama tu kutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye programu.

Mlango uliofungwa

Benjamin Gompertz alizaliwa London tarehe 5 Machi 1779, katika familia ya Kiyahudi ya wafanyabiashara wa almasi yenye asili ya Uholanzi. Nyumbani pesa haikuwa shida. Asingehitaji mkopo wala bumu. Shida ilikuwa dini.

Wakati huo England nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, Oxford na Cambridge, na vyote viwili vilikuwa mkononi mwa Kanisa la Uingereza. Oxford huwezi kuandikishwa kabla hujatia sahihi kwamba unaikubali imani ya kanisa hilo. Cambridge walilegeza kidogo: unaweza kuingia darasani ukasoma, lakini siku ya kupewa shahada ndipo karatasi ya imani inapowekwa mbele yako. Kwa Myahudi, kwa Mkatoliki, na kwa Mkristo wa madhehebu mengine anayeishika imani yake, safari iliishia hapo. Gompertz hakufeli mtihani, maana hakupewa nafasi ya kuufanya.

Familia hiyo ilikuwa na vichwa vilivyozoea kufikiri tofauti na majirani. Mdogo wake Benjamin, aitwaye Lewis, ni miongoni mwa watu walioanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama mwaka 1824, na aliandika kutetea haki za wanyama katika zama ambazo jambo hilo lilichekesha wengi. Benjamin yeye alipenda hesabu. Chuo kilipomkataa, akajifungia na vitabu. Alimsoma Newton, akamsoma Maclaurin, akamsoma Emerson. Hakuwa na mhadhiri, hakuwa na ratiba, wala hakukuwa na mtu wa kumwambia swali hili litatoka na lile halitoki.

Chuo cha wafumaji

Mashariki mwa London kuna mtaa unaoitwa Spitalfields. Enzi hizo ulikuwa mtaa wa wafumaji wa hariri, wengi wao wazao wa wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa. Tangu mwaka 1717 wafumaji na mafundi wa mtaa huo walikuwa na chama chao cha hisabati. Mtu akitoka kiwandani, badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani, anapita kwenye chama, anakaa na wenzake, wanahangaika na maswali ya hesabu.

Chama kilikuwa na kanuni ambayo ingefaa kubandikwa ukutani katika kila hosteli. Mwanachama akiulizwa swali la hisabati na mwenzake, ni wajibu wake kumfundisha kwa njia rahisi kadiri awezavyo, na anayekwepa wajibu huo anatozwa faini ndogo. Sisi husema kuuliza si ujinga. Wafumaji wa Spitalfields waliongeza upande wa pili: kutojibu ni kosa.

Inasimuliwa kwamba Gompertz alikifahamu chama hiki kupitia muuza vitabu mmoja. Alikuwa akipita dukani kutafuta vitabu vya hesabu, wakaanza kuongea, na ikabainika kwamba muuzaji mwenyewe ni mtu wa chama. Kijana akaingizwa akiwa na umri wa miaka kumi na kitu. Huko ndiko alikopata kile ambacho Oxford na Cambridge zilimnyima: watu wa kubishana nao. Miaka mingi baadaye akawa rais wa chama hicho, na mwaka 1845 kilipoishiwa nguvu, wanachama wake waliobaki na maktaba yake vikaingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya Unajimu.

Wakati huohuo alikuwa akijibu maswali yaliyotolewa na jarida la Gentleman's Mathematical Companion. Majarida ya namna hiyo yalikuwa ndiyo semina za watu wasio na chuo: swali linatolewa, wasomaji wanatuma majibu, mshindi anapewa zawadi. Jina la Gompertz lilianza kuonekana humo mwaka 1798, akiwa hajafikisha miaka 20, na likaendelea kurudi mwaka baada ya mwaka.

Kutoka soko la hisa hadi bima

Hesabu peke yake haikumlisha. Gompertz alifanya kazi katika soko la hisa la London. Mwaka 1810 alimwoa Abigail Montefiore, dada wa Moses Montefiore, tajiri na kiongozi mashuhuri wa Wayahudi wa Uingereza. Kupitia ndoa hiyo akawa karibu pia na Nathan Rothschild, maana mke wa Montefiore na mke wa Rothschild walikuwa ndugu wa damu. Mwaka 1819 Jumuiya ya Kifalme ya London, chombo kikubwa kabisa cha sayansi nchini humo, ilimpokea kuwa mwanachama. Mtu asiye na shahada hata moja akaketi pamoja na maprofesa.

Mwaka 1824 Rothschild na Montefiore wakaanzisha kampuni ya bima iliyoitwa Alliance, na Gompertz akawa aktuari wake, yaani mtaalamu wa kukokotoa bei ya bima. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo aliwahi kuomba kazi kama hiyo katika kampuni nyingine akakataliwa kwa sababu ileile ya dini, na kwamba shemeji yake alilisikia hilo. Vyovyote iwavyo, akiwa na miaka 45 alipata kazi iliyolingana na kichwa chake, na akaishika hadi mwaka 1848.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Mtu wa miaka 30 anakuja anataka bima ya maisha. Anaahidi kulipa kiasi fulani kila mwaka, na akifa familia yake ilipwe. Utoze kiasi gani? Ukitoza kidogo, kampuni inafilisika na wajane wanakosa. Ukitoza sana, wateja wanakimbilia kwa jirani. Kila kitu kinategemea swali moja: watu wa umri fulani wanakufa kwa kasi gani?

Jibu lilitafutwa kwenye jedwali la uhai, yaani orodha inayoonyesha kati ya watu kadhaa waliozaliwa, wangapi wangali hai wakifika mwaka 1, 2, 3 na kuendelea hadi uzeeni. Majedwali hayo yalitengenezwa kutokana na rejesta za mji mmojammoja, na yalikuwa na matatizo. Maarufu kuliko yote lilikuwa jedwali la Northampton. Jedwali hili lilionyesha vifo vingi kuliko vilivyokuwepo. Makampuni ya bima ya maisha yaliyolitumia yakatoza ada kubwa mno na kutajirika. Serikali ya Uingereza ikalitumia jedwali hilohilo kuuza pensheni za maisha, yaani wewe unaipa serikali pesa mara moja, nayo inakulipa kila mwaka hadi ufe. Wanunuzi wakagoma kufa kwa wakati uliotabiriwa, na hazina ya serikali ikapata hasara. Kosa moja, jedwali moja: huku faida, kule hasara, kutegemea umesimama upande gani.

Sheria ya mwaka 1825

Katika mazingira hayo, mwaka 1825, Gompertz alichapisha makala katika jarida la Jumuiya ya Kifalme, Philosophical Transactions. Alichukua majedwali kadhaa, likiwemo la Northampton, la Carlisle na la Deparcieux wa Ufaransa, akauliza kama nyuma ya safu hizo ndefu za tarakimu kuna utaratibu wowote.

Akaona upo. Kwa watu wazima, hatari ya kufa haiongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Kila miaka kadhaa ikipita, hatari inazidishwa kwa namba ileile. Ni kama deni lenye riba inayozaa riba: mwanzoni unaona dogo, halafu ghafla limekuzidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba mwili una uwezo fulani wa kupingana na kifo, na katika kila kipindi kidogo cha muda mwili hupoteza sehemu ileile ya uwezo uliobaki.

Katika jamii nyingi za leo, hatari ya kifo kwa watu wazima hujizidisha mara mbili takriban kila miaka 8. Tufanye hesabu. Kutoka miaka 40 hadi 80 kuna vipindi 5 vya miaka 8. Mara mbili, mara tano mfululizo, ni 32. Mzee wa miaka 80 yuko katika hatari mara 32 kuliko mtu wa miaka 40. Kwa lugha ya modeli, hatari katika umri fulani ni kianzio kimoja kikizidishwa na namba e iliyopandishwa kwa kasi ya ukuaji mara umri, na kasi ya ukuaji hapa ni kama 0.087 kwa mwaka. Namba mbili tu, kianzio na kasi, zinachukua nafasi ya jedwali zima.

Gompertz hakudai kwamba ameeleza kila kifo. Aliona wazi kwamba kuna vifo vya aina mbili: vinavyotokana na mwili kuchoka, na vinavyompata mtu yeyote kwa bahati mbaya, kijana kwa mzee. Sheria yake ilishughulikia aina ya kwanza tu. Mwaka 1860 mtaalamu mwingine wa bima, William Makeham, akaongeza namba ya tatu isiyobadilika na umri ili kubeba aina ya pili. Ndiyo maana vitabuni utakuta wametajwa pamoja, Gompertz na Makeham.

Nukta za Newton

Pamoja na uzito wake, kazi hii haikupata wasomaji wengi mapema. Sababu mojawapo ni kwamba Gompertz alijifunza kwa Newton na akabaki na Newton. Newton alikuwa na namna yake ya kuandika kalkulasi: nukta juu ya herufi. Bara la Ulaya lilitumia maandishi ya Leibniz, yale ya d ambayo sisi tunafundishwa leo. Kuanzia mwaka 1812 vijana wa Cambridge, akiwemo Charles Babbage, walipiga kampeni Waingereza waachane na nukta wahamie kwenye d. Wakashinda. Kizazi kipya kikasoma kwa d.

Gompertz hakuhama. Hakuwa chuoni kampeni hiyo ilipopita, na mambo aliyojifundisha kwa jasho hakuona kwa nini ayaache. Akaendelea na nukta hadi mwisho wa maisha yake. Hisabati yake ilikuwa sahihi, ila msomaji wa zama mpya alilazimika kutafsiri kwanza ndipo aelewe, na wengi hawakuwa na subira hiyo.

Mwaka 1832 Thomas Rowe Edmonds alichapisha majedwali ya uhai yaliyojengwa juu ya wazo hilohilo, na akalichukua kama lake. Aliyesimama kumtetea Gompertz ni Augustus De Morgan, profesa wa hisabati katika chuo kipya cha London. De Morgan alijua uchungu wa mlango uliofungwa: yeye mwenyewe alisoma Cambridge, akakataa kusaini karatasi ya imani, akakosa shahada ya uzamili. Mwaka 1860 mjadala uliibuka upya magazetini mwa watu wa bima, na De Morgan akarudi tena kueleza ni nani aliyetangulia.

Gompertz ndani ya kompyuta

Ndugu msomaji, usiseme hayo yamepita. Fungua programu za takwimu uone. Sheria ni ileile, lakini kila fundi ameiandika kwa nukta zake.

Anza na R, kwa kuwa ni ya bure na ndiyo wengi tunayo. Pakiti ya survival ina fanksheni iitwayo survreg. Ina Weibull, eksponenshali, lognomali na loglojistiki. Gompertz hayumo kwenye orodha yake. Hata SAS, katika LIFEREG, hayumo. Sababu ni kwamba fanksheni hizi zimejengwa kwa wazo moja: kigezo kama dawa au jinsia kinarefusha au kufupisha muda wa kuishi kwa kuuzidisha. Modeli ya Gompertz haikai vizuri kwenye wazo hilo. Yenyewe inataka kigezo kizidishe hatari, siyo muda. Ukimhitaji Gompertz katika R unakwenda kwenye pakiti ya flexsurv, fanksheni ya flexsurvreg, au kwenye pakiti ya eha, fanksheni ya phreg. Katika Stata yumo ndani ya streg moja kwa moja.

Hapa ndipo ajali hutokea. Chukua Weibull, ambayo inakubali kusomwa kwa njia zote mbili. Tuseme, kwa mfano tu, survreg imekupa koefishenti ya dawa 0.5, na kipimo kinachoitwa scale ni 0.5 pia. Ukipandisha e kwa 0.5 unapata kama 1.65. Maana yake: anayetumia dawa anaishi muda mrefu mara 1.65. Ni habari njema. Sasa mwenzako anapeleka data hizohizo Stata, anatumia streg bila kuongeza chochote, anapata 0.37. Mnatazamana. Nani kakosea?

Hakuna. Stata imekupa uwiano wa hatari, R imekupa uwiano wa muda. Daraja kati yao ni hili: chukua koefishenti ya survreg, igeuze alama, igawe kwa scale. Hasi 0.5 ukigawa kwa 0.5 ni hasi 1, na e kwa hasi 1 ni 0.37. Jibu ni moja. Lakini mwanafunzi asiyejua, akiichukua 1.65 ya R na kuiita uwiano wa hatari, ataandika kwenye tasnifu kwamba dawa inaongeza hatari ya kifo kwa asilimia 65, wakati data zake zinasema inaipunguza kwa asilimia 63. Ni jedwali la Northampton limerudi: namba ileile, huku faida, kule hasara. Na safari hii anayeweza kuumia ni mgonjwa ambaye daktari wake ameisoma ripoti hiyo.

Kwa Gompertz mwenyewe, flexsurvreg inakupa namba mbili, shape na rate. Shape ndiyo kasi ya ukuaji, ile 0.087 ya mfano wetu. Stata inaiita gamma. Katika phreg unaweza kuchagua kati ya maandishi mawili, na katika mojawapo kasi hiyo inaandikwa kichwa chini miguu juu, yaani 1 ugawe kwa 0.087, ambayo ni kama 11.5. Anayelinganisha 0.087 na 11.5 bila kujua hilo atadhani kompyuta moja imeharibika. Tena kasi ya ukuaji ikitoka hasi, modeli inakuambia hatari inapungua na kwamba sehemu ya watu hawatakufa kamwe. Kwa utafiti wa vifo vya wazee, hiyo ni dalili ya kurudi kuangalia data.

Jambo jingine ni saa. Gompertz alihesabu kwa umri. Sisi mara nyingi tunahesabu tangu siku mgonjwa alipoandikishwa kliniki. Ukitaka kutumia umri, lazima uieleze programu kwamba mama huyu aliingia utafitini akiwa na miaka 52 na bibi yule akiwa na 70, ili miaka waliyoishi kabla ya hapo isihesabiwe kana kwamba tulikuwa tunawaangalia. Fanksheni za coxph, flexsurvreg na phreg zinapokea data za namna hiyo, zenye muda wa kuingia na wa kutoka. Survreg haipokei.

Na wale wanaokimbilia modeli ya Cox ya mwaka 1972 kwa kuwa haidai kuchagua umbo lolote la hatari, nao wana mtego wao. Watu wawili wakifa siku moja, au mwezi mmoja kama umeandika miezi tu, programu lazima iamue namna ya kuwapanga. R hutumia njia ya Efron isipoambiwa vingine. Stata na SAS hutumia ya Breslow. Vifo vilivyogongana vikiwa vingi, majibu yatapishana kidogo. Pia AIC ya modeli ya Cox usiiweke pembeni ya AIC ya Gompertz ukasema hii imeshinda, maana zimetoka kwenye hesabu mbili tofauti za ulinganifu. Ukitaka kushindanisha Weibull na Gompertz, zifanye zote mbili katika fanksheni moja, kwa mfano flexsurvreg, ili kila mmoja apimwe kwa mizani ileile.

Kwa hiyo ukiandika tasnifu, usiseme tu kwamba umetumia modeli ya uhai. Taja programu, taja fanksheni, taja hatari au muda, taja saa yako inaanzia wapi. Na kabla ya kukabidhi, chora mstari wa modeli juu ya mstari wa data wa Kaplan na Meier uone kama vinafuatana. Mchoro haujali koefishenti iliandikwa kwa nukta au kwa d.

Miaka ya mwisho

Gompertz aliacha kazi ya bima mwaka 1848 lakini hesabu hakuiacha. Aliishi kuona chuo kipya cha London, kilichoanzishwa mwaka 1826 bila masharti ya dini, kikipokea vijana wa Kiyahudi. Yeye alikuwa na miaka 47 kilipoanzishwa. Huko ndiko, mwaka 1865, kilikozaliwa Chama cha Hisabati cha London, De Morgan akiwa rais wake wa kwanza. Gompertz, mzee wa miaka zaidi ya 80, akajiunga. Inasemekana alikuwa akiandaa makala ya kukisomea chama hicho alipopooza. Alifariki tarehe 14 Julai 1865.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1871, bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoondoa masharti ya imani Oxford na Cambridge kwa karibu shahada zote. 

Sheria yake ya mwaka 1825 imeenda mbali kuliko alivyotarajia. Mwaka 1932 mtaalamu aitwaye Winsor alionyesha jinsi mchirizi wa Gompertz unavyoweza kueleza ukuaji wa viumbe, na tangu hapo umetumiwa hata kwa uvimbe wa saratani. Watu wa bima wanautumia hadi leo. Vyuo vilivyomkataa vinafundisha modeli yake, nasi tunaifundishwa katika vyuo vyetu. Ukiiona kwenye orodha ya programu yako muhula huu, soma kwanza ukurasa wa maelezo ya fanksheni. Ni kurasa mbili au tatu tu. Gompertz alijisomea Newton mzima peke yake.